Okutoyi alibeba Wimbledon, mbona hatumuoni kwenye tivii?

SWALI: Dada, salamu kutoka Nakuru. Nina mapacha wa kike wa miaka 10, tenisi imewaingia damuni, na mmoja ameshaniambia anataka kuwa kama Angella Okutoyi. Mimi najua tu huyo msichana alichukua Wimbledon 2022 tukashangilia, lakini kila nikiwasha tivii naona Sabalenka, naona Coco Gauff, yeye simuoni. Alipotelea wapi? Na hii kazi inalipa kweli ama nitauza ng'ombe bure? (Baba wa mapacha)

JIBU: Baba mapacha, ng'ombe kwanza mwache bomani.

Okutoyi alibeba Wimbledon ya vijana, tena dabo, yaani wawili kwa wawili, akicheza na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Usidharau lakini, kabla yake hakuna Mkenya aliyewahi kushika taji la aina yoyote la Grand Slam, yale mashindano manne makubwa kabisa ya tenisi, na fainali yenyewe walipigwa seti ya kwanza 3-6, wakarudi 6-4, halafu ile taibreka ya kutafuta pointi 10, inayochezwa badala ya seti ya tatu, ikakataa kuisha mpaka 11-9. Sasa shida iko hapa: vijana hawalipwi hata senti, na pointi zao haziingii kwenye renki, ile orodha ya ubora, ya wakubwa. Ukivuka huko unaanza chini kabisa, kwenye tunamenti zinaitwa W15, yaani zawadi yote ni dola 15,000, igawanywe kwa wachezaji wote, singo na dabo, ukitolewa raundi ya kwanza unachopata hakilipi hata hoteli ya wiki. Na nyingi ziko Monastir ya Tunisia, Antalya ya Uturuki, Sharm el Sheikh ya Misri huko, kwa hiyo piga hesabu ya tikiti, viza, kocha, nyuzi za raketi, na pointi ukizipata zinadumu mwaka mmoja tu zinafutika. Kuingia tu mechi za mchujo za Grand Slam unatakiwa uwe kama wa 200 na kitu duniani.

Unajua kwenye ile fainali Okutoyi na mwenzake waliwapiga akina nani? Wakanada wawili, mmoja Victoria Mboko, wazazi wake ni Wakongo, wakati huo ana miaka 15. Mboko alianza 2025 akiwa wa 333 duniani, akazunguka hizo tunamenti ndogo akishinda tu, na Agosti akabeba taji la mashindano makubwa ya Montreal, Kanada, baada ya kuwatoa vigogo Gauff, Rybakina na Osaka, wiki moja hiyo! Kipaji anacho, sibishi, ila pia alilelewa kwenye kituo cha taifa cha tenisi cha Kanada, na mtu akishalipiwa kocha na safari anabaki na kazi moja tu ya kupiga mpira.

Okutoyi hakupotea. Alipata skolashipu Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, akawa anasoma huku anacheza, na 2024 akaenda Accra akachukua dhahabu ya singo ya Michezo ya Afrika. Ile dhahabu ilikuwa na tikiti ya Olimpiki ya Paris ndani yake, ila sharti uwe ndani ya 400 bora duniani, na yeye hakuwa, basi Paris ikampita hivyo hivyo. Hilo mpaka leo linaniuma kuliko mechi yoyote aliyopoteza.

Kwa hiyo inalipa? Walio kwenye 100 bora wanaishi vizuri, chini ya hapo wengi wanakula hasara. Mimi ningewaacha wacheze ila shule isiguswe, maana njia ya chuo cha Marekani inalipiwa na mtu mwingine. Halafu nikwambie kitu, Okutoyi naye ni pacha, yeye na Roselida, mama yao alifariki wakizaliwa, nyanya yao ndiye aliyewalea akiwa mfanyakazi wa shule Nairobi na hapo shuleni ndipo walipoanza kushika raketi. Mapacha wako nao tayari wana mpinzani wa mazoezi ndani ya nyumba, bure. Nunua raketi mbili tu, na nyuzi za bei rahisi, watazikata tu.