Gari dogo jipya lenye nembo ya Kiingereza: kabla hujalipa

Kila Machi na Septemba, namba mpya za magari zinapotoka hapa Uingereza, simu yangu haitulii. "Dada, nimeona MG3 mpya kabisa, bei yake iko chini ya Toyota Yaris. Nichukue?" Wengi wanaoniuliza ni wenzangu wa kazi, sisi tunaozungukia wazee majumbani hapa Birmingham na vitongoji vyake, na wanajua kwamba nimeendesha MG3 ya toleo la kwanza kwa miaka mingi. Huwa nawaambia linafaa, halafu nauliza: unaendesha maili ngapi kwa mwaka? Unalipa taslimu au kwa mkopo? Unakusudia kukaa nalo mpaka lini? Wengi hapo hunyamaza, maana walitaka tu kusikia ndiyo.

Kwanza nembo, kwa kuwa ndiyo inayowavuta watu. MG ni Morris Garages, gereji ya Oxford ambako Cecil Kimber alianza kuunda magari ya kispoti katika miaka ya 1920. Sisi ambao babu zetu walisimulia habari za Morris, Austin na Land Rover, tukisikia "gari la Mwingereza" masikio yanasimama. Basi ujue kwamba kampuni ya MG Rover ilifilisika Aprili 2005. Kiwanda chake cha Longbridge, kusini mwa Birmingham, kilisimama na watu wapatao 6,000 wakakosa kazi. Mali zake zilinunuliwa na Nanjing Automobile ya China, ambayo nayo ilimezwa na SAIC ya Shanghai mwishoni mwa 2007. Wachina walijaribu kuendelea kuunganisha magari kidogo Longbridge, ila 2016 wakaacha. Tangu hapo MG mpya zinazouzwa hapa zinashuka melini. Nimewahi kumhudumia mzee aliyefanya kazi Longbridge enzi zake. Kila nikiegesha nje kwake alilitazama gari langu dirishani na kutikisa kichwa. Kwake lile halikuwa MG. Mimi sikumbishia, lakini lilikuwa linawaka kila asubuhi na hilo ndilo nililolilipia.

Wasomaji wenye kumbukumbu wataniuliza kuhusu CityRover. Ni swali zuri. Mwaka 2003 MG Rover, ikiwa taabani, ilichukua Tata Indica iliyotengenezwa Pune, India, ikaibandika nembo ya Rover na kuiuza kuanzia pauni 6,495. Watu waliona bei imezidi thamani ya gari lenyewe, na halikununulika sana. Kampuni ilipoanguka miaka miwili baadaye, wenye magari yale walibaki na nembo ambayo hakuna tena mtu wa kuitetea. Tofauti ya MG ya leo iko hapo: nyuma yake kuna SAIC, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za magari China, na bei yake imewekwa chini kwa makusudi. Uingereza ya kwenye nembo haikuongezei hata skrubu moja kwenye injini. Ukilitazama kama gari la Kichina la bei nafuu lenye mtandao mpana wa mawakala, utalihukumu kwa haki.

MG3 ilipoingia hapa mwaka 2013 ilianzia pauni 8,399. Dacia Sandero ya mwaka huo huo ilianzia 5,995, ila ile ya chini kabisa haikuwa na redio wala vioo vya umeme, na rangi ilikuwa nyeupe tu. Kwa watu wetu bei ya namna ile ilikuwa na maana ambayo wauzaji pengine hawakuifahamu. Ilikuwa ni pesa inayopatikana kwa upatu. Wanawake kumi wa kazini, kila mmoja anatoa kiasi chake kila mwezi, kijumbe mwaminifu, na zamu yako ikifika una gari bila kugusa benki. Wengine miongoni mwetu hatutaki kabisa kuingia kwenye riba, na gari jipya la kulipa taslimu lilikuwa jambo adimu. Toleo la sasa, lile la haibridi (injini ya petroli ikisaidiwa na mota ya umeme) lililotoka 2024, lilianzia pauni 18,495. Zamu moja ya upatu haifiki huko. Kwa hiyo wengi wanakwenda kwenye mkopo, na hesabu inabadilika kabisa.

Nitakaa kidogo kwenye mkopo kwa kuwa ndiko watu wanakoumia. Mkopo uliozoeleka hapa unakutaka utoe kianzio, ulipe kila mwezi kwa miaka mitatu au minne, kisha mwishoni kunabaki donge kubwa. Ukishindwa kulilipa donge hilo unarudisha gari, na huna kitu mkononi. Malipo ya mwezi yanaonekana madogo kwa sababu ya donge hilo. Sasa, gari la bei nafuu faida yake inakuja pale unapolitumia mpaka mwisho, baada ya thamani yake kushuka. Na thamani ya gari jipya inashuka kwa kasi zaidi miaka ya mwanzo. Anayelirudisha baada ya miaka mitatu amelipia ile miaka mibaya kisha akamwachia mwingine miaka mizuri. Muuzaji akikutajia malipo ya mwezi, mwulize jumla ya pesa zote mpaka gari liwe lako. Mwulize na riba ni asilimia ngapi. Na ile dawa ya kupaka rangi isichubuke, na bima ya matairi, na bima ya funguo, vikatae vyote. Niliponunua langu, wakala alinisukumia vitu hivyo mpaka dakika ya kusaini.

Sababu halisi ya kununua MG mpya ni dhamana. Hapa Uingereza ni miaka 7 au maili 80,000, kinachotangulia, na ukiliuza gari kabla muda haujaisha, dhamana inakwenda kwa mnunuzi. Kwa mtu ambaye gari likilala gereji kazi inalala, hiyo ni pesa. Lakini ipige hesabu vizuri. Ukiendesha maili 8,000 kwa mwaka utaifaidi miaka yote saba. Ukifanya kazi ya teksi au ya kupeleka vyakula ukafikisha maili 30,000 kwa mwaka, maili 80,000 zitakwisha kabla hujatimiza miaka mitatu, na miaka iliyobaki ni mapambo tu. Breki, matairi na wipa ni juu yako, maana vinaisha kwa kutumika. Sarvis usiiruke hata moja, na risiti zote ziweke kwenye faili. Si lazima upige sarvis kwa wakala: sheria ya ushindani hapa hairuhusu kampuni ikunyime dhamana kwa sababu tu ulikwenda kwa fundi wa mtaani, mradi alifuata ratiba ya kampuni na kutumia vipuri na oili vya kiwango kinachotakiwa. Ila fundi huyo akuandikie kila kitu. "Nilibadilisha oili kwa Juma" bila karatasi haitakusaidia.

Bima nayo ina mambo yake. MG3 ya kwanza ilikuwa kundi la 4 kati ya makundi 50, kwa hiyo hata aliyepata leseni juzi aliimudu. Haibridi ya sasa ina nguvu ya farasi 190 na ushee, wakati ile ya zamani ilikuwa na kama 105, na kampuni za bima zinaliona hilo. Chukua namba ya gari unalolitaka, uliza bei ya bima kabla hujatoa kianzio. Na wenzangu wa kazi ya wazee, sikieni: bima ya kwenda na kurudi kazini haitoshi. Ukitoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine, hayo ni matumizi ya kikazi na lazima yaandikwe kwenye bima. Ukikamatwa huna bima inayofaa ni faini ya pauni 300 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni, na kama leseni yako ya hapa haijatimiza miaka miwili, pointi 6 zinaiondoa leseni yote, unaanza upya na ya mwanafunzi. Leseni ya Tanzania au ya Kenya inakufaa miezi 12 tangu uhamie hapa, baada ya hapo ni mtihani wa Mwingereza. Huo ufanye mapema, kwani bei ya bima kwa leseni ya nje inaweza kukutoa machozi.

Usalama. Hapa sibembelezi. Shirika la Euro NCAP liliipima MG3 ya zamani mwaka 2014 likaipa nyota 3 kati ya 5. Niliinunua nikilijua hilo, kwa sababu nilikuwa naendesha mjini, mwendo wa maili 30, na mara nyingi peke yangu. Toleo jipya lilipimwa 2025 likapata nyota 4, lakini wapimaji waliona kitu kibaya: komeo la kiti cha dereva liliachia wakati wa kugongwa kwa mbele, na shirika likawatahadharisha wanunuzi hadharani. Mtu akikuuzia MG3 ya haibridi, mpya au iliyotumika, mwulize hicho kiti kimefanyiwa nini na akuonyeshe kwa maandishi. Asipokuwa na jibu, ondoka. Gari zipo nyingi.

Barabarani lile la zamani ni gari la mjini. Injini yake ni ya lita 1.5, haina turbo, gia tano, nguvu zake zinatoka injini ikizunguka kwa kasi, kwa hiyo mlimani unashusha gia na kukanyaga, na motowei utaisikia injini kuliko redio. Kona inazikata vizuri kuliko unavyotarajia kwa bei ile. Haibridi ni kiumbe kingine: giaboksi inajibadilisha yenyewe, mota ya umeme inakusukuma ukiondoka kwenye taa, na haihitaji kuchomekwa ukutani. Kwa matumizi ya simama-nenda, kama ya kwetu ya nyumba hadi nyumba, hapo ndipo petroli inapookolewa.

Je, kuna nini cha kushindana nayo? Kwangu mshindani wa kweli ni Yaris ya haibridi iliyotumika miaka mitatu, si Yaris mpya, ambayo 2024 ilikuwa inavuka pauni 22,000. Watu wengi hawajui kwamba Toyota hapa Uingereza inarudisha dhamana ya miezi 12 kila unapopiga sarvis kwa wakala wake, mpaka gari lifikishe miaka 10 au maili 100,000. Yaani lile la mkononi nalo linaweza kuwa na dhamana, na wa kwanza ameshabeba hasara ya miaka ya mwanzo. Kwa anayeendesha maili nyingi, mimi namwelekeza huko bila kusita. MG mpya namwachia mwenye maili chache, anayelipa taslimu au karibu na taslimu, aliye na wakala wa MG karibu na kwake, na ambaye hatalitamani gari jingine kwa miaka saba.

Jambo la mwisho linahusu nyumbani, maana kila mmoja wetu ana mdogo wake anayesema, "Ukichoka nalo, nitumie." Kenya haipokei gari lililotumika likizidi miaka 8. Ukingoja dhamana ya miaka 7 iishe ndipo ulitume Mombasa, umebakiwa na mwaka mmoja wa kuuza, kupakia na kusafirisha. Tanzania inalipokea, lakini ushuru wa uchakavu unakungoja bandarini. Dhamana ya Uingereza haivuki bahari, iwe ni kwenda Mombasa, Dar au hata Muscat, ambako MG wanazo zao zenye masharti yao. Halafu kuna spea. Kariakoo ya Dar au Kirinyaga Road ya Nairobi shokapu ya Vitz au IST unaipata ukitembea kwa miguu kabla ya adhuhuri. Ya MG3 ya haibridi utaambiwa uache oda na kianzio, na fundi atakayefungua ile betri yake ni wa kumtafuta kwa tochi. Liuze hukuhuku, mtumie pesa, achague IST yake mwenyewe.