Karavani yanitikisia mkia nikipita Sabaki: kosa ni la pikapu?

SWALI

Asalaam aleikum, fundi. Mimi ni mkazi wa Malindi. Nina Hilux dabo kebini ya dizeli, ya mwaka 2012. Mwaka jana nilinunua karavani kuukuu kwa Mwitaliano aliyekuwa akirudi kwao, nayo ilikuwa imekaa uani kwake miaka mingi, hatua chache kutoka baharini. Kibati chake kinasema ikiwa tupu ina kilo 1,050, na mwisho wa uzito wake ikiwa na mzigo wote ni kilo 1,400. Nimefunga tangi la maji la lita 200 nyuma chini ya kitanda, na jenereta nimeiweka huko huko. Nia yangu ni kuivuta hadi Mokowe wakati wa likizo, niiache bara, tuvuke na familia kwenda Lamu mjini, na tukirudi tulale nayo Kipini. Nilipoijaribu kwenda Mambrui, tangi likiwa limejaa, baada ya daraja la Sabaki nikiwa kwenye 80 ilianza kutikisa mkia na kuvuta nyuma ya gari huku na huku. Fundi mmoja ananiambia Hilux huvuta chochote. Jirani yangu anasema nitafute lori. Nimfuate nani?

JIBU

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Usimfuate hata mmoja. Pikapu yako ina nguvu ya kutosha kuivuta karavani hiyo, tena bila kuhema. Lakini kama ilivyo sasa, nakuomba usiitoe tena barabarani mpaka urekebishe mambo mawili: mahali ulipoweka mzigo, na breki za karavani yenyewe.

Nianze na mkia, kwa sababu ndio uliokutia hofu, na una haki ya kuogopa.

Trela yoyote ya ekseli moja ni kama mizani ya kubembea. Ekseli ni mhimili, pua iko mbele ikikalia gololi ya chuma iliyo nyuma ya gari lako, na mkia uko upande wa pili. Kila kilo unayoiweka nyuma ya ekseli inainua pua. Pua inatakiwa ikalie gari kwa uzito wa kutosha. Hicho ndicho kinachoifanya trela ifuate gari kwa utulivu. Pua ikiwa nyepesi, karavani inageuka pendulo: upepo kidogo, au lori likikupita, linausukuma mkia, mkia unarudi, unapitiliza, na kadiri mwendo ulivyo mkubwa ndivyo unavyochelewa kutulia. Kwenye 50 huenda usione kitu. Kwenye 80 inakuvuta.

Sasa tuangalie tangi lako. Lita 200 za maji ni kilo 200. Tuseme liko mita 1.8 nyuma ya ekseli, na kutoka ekseli hadi kwenye gololi ni mita 3.6. Zidisha 200 kwa 1.8, gawanya kwa 3.6, unapata kilo 100. Yaani tangi peke yake linaiondolea pua kilo 100. Karavani ya ukubwa huo hata kama pua yake ilikuwa na kilo 100 ilipotoka kiwandani, tangi limezimaliza zote, na jenereta inaanza kuiinua pua juu. Jaribu kukumbuka: siku ile ulipoiunganisha, hukuishika pua ukaona ni nyepesi ajabu, pengine kwa mkono mmoja? Kama ndivyo, umeshapata jibu la Sabaki.

Uzito wa pua haukisiwi, hupimwa, na huhitaji mashine. Chukua mizani ya kupimia watu ya nyumbani, ubao mgumu wa sentimita 140 hivi, na vipande viwili vya nondo nene. Egesha karavani mahali tambarare kabisa, ikiwa na mzigo wote wa safari, na maji yakiwa yamejaa kama utasafiri nayo. Weka vigingi kwenye magurudumu, mbele na nyuma. Tia nondo moja juu ya tofali, nyingine juu ya mizani, halafu ubao ulale juu ya nondo zote mbili. Kati ya nondo na nondo iwe sentimita 120. Hakikisha tofali na mizani vina kimo kimoja. Soma mizani ikiwa na ubao mtupu, uandike. Kisha ishushe pua, kwa kipande cha bomba kilichosimama wima chini ya kikombe cha kuunganishia, kile kinachoshika gololi, ikae juu ya ubao sentimita 40 kutoka upande wa tofali. Soma tena, toa ile namba ya kwanza, zidisha mara 3. Huo ndio uzito wa pua. Ukipima hivi mizani haielemewi, maana inabeba theluthi moja tu ya uzito wenyewe. Kikombe kiwe kwenye kimo kile kile kitakachokuwa nacho kikishaunganishwa na gari, la sivyo namba itakudanganya.

Kwa karavani ya kilo 1,300 mimi hutafuta pua ya kati ya kilo 90 na 130, yaani asilimia 7 hadi 10. Ila kabla ya kufurahia 130, futa kutu kwenye kikombe chenyewe usome kilichogongwa pale. Vikombe vya karavani za Ulaya huwa na herufi S ikifuatwa na namba. Hizo ndizo kilo za mwisho kinachoruhusiwa kubeba wima. Nyingi za zamani huishia 100 au chini yake. Chuma cha kuvutia cha Hilux nacho kina mwisho wake. Fuata ile namba iliyo ndogo.

Kwa hiyo tangi lihame. Mahali pake ni juu ya ekseli, au mbele yake kidogo, chini kabisa sakafuni. Jenereta itoke humo ndani ipande kwenye bodi ya pikapu, isukumwe mbele mpaka iguse kebini. Hata baada ya kulihamisha, ningesafiri na maji lita 30 tu na kujaza mkifika, kwa sababu tangi lililojaa nusu maji hucheza na kusukuma, na kwa sababu ya hesabu nyingine, ya mzigo ulivyo sasa: kilo 1,050 za karavani tupu, 200 za maji, 60 au zaidi za jenereta, halafu jiko, mtungi wa gesi, magodoro na vyombo. Umeshafika 1,400 kabla mama watoto hajatia mkoba wake.

Usiende upande wa pili ukarundika kila kitu puani. Pua ya kilo 100 haiongezi kilo 100 tu kwenye gari. Gololi iko kama mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na kati ya ekseli mbili za Hilux yako ni mita 3.085. Ukipiga hesabu, ekseli ya nyuma inabeba kilo 139, na ya mbele inapunguziwa 39. Ekseli ya mbele ndiyo inayokata kona na kufanya kazi kubwa ya breki. Abiria, jenereta, mafuta na uzito wa pua vyote vinahesabiwa ndani ya uzito ambao pikapu imeruhusiwa kubeba. Wengi husahau hilo la pua.

Kuna kimo pia. Karavani za Ulaya zimetengenezwa kwa gololi iliyo sentimita 35 hadi 42 kutoka ardhini gari likiwa na mzigo. Hilux iliyoinuliwa huwa juu ya hapo, pua inaelekea mbinguni, na mkia unakaribia lami. Matuta ya barabara zetu unayajua. Mchomeleaji mzuri akutengenezee chuma cha kushushia gololi, kwa boliti, si kwa kuchomelea chesisi ya gari. Na gololi yenyewe ipimwe: ya Ulaya ni milimita 50, ya Marekani inayofanana nayo ni 50.8. Kikombe cha Kimarekani juu ya gololi ya 50 kinaonekana kimeshika vizuri, lakini kina nafasi, na tuta moja kali linaweza kukichomoa.

Sasa breki, na hapa ndipo fundi aliyekuambia Hilux huvuta chochote alipokosea vibaya. Kuvuta ni kazi ya injini, na dizeli ya pikapu haina shida nayo. Kusimamisha ni jambo jingine kabisa. Vitabu vya pikapu za daraja hili hutaja kwa kawaida kati ya kilo 2,500 na 3,500 kwa trela yenye breki zake, lakini kwa trela isiyo na breki hutaja kilo 750 tu. Angalia kitabu cha gari lako, uzione hizo namba mbili zikikaa pamoja. Karavani yako ina breki kwenye karatasi. Je, zinashika? Imekaa miaka mingi na chumvi ya bahari. Kama hazishiki, mbele ya sheria za fizikia ni trela isiyo na breki, ya kilo 1,400, karibu mara mbili ya kiwango.

Breki za karavani nyingi za Ulaya hazina umeme wala mafuta. Gari likipunguza mwendo, karavani inalisukuma kwa nyuma, mkono wa puani unaingia ndani, unavuta chuma kinachopita chini ya sakafu, chuma kinavuta nyaya, nyaya zinatanua viatu vya breki ndani ya duru, yaani dramu la chuma linalozunguka na gurudumu. Kila kiungo hapo ni chakula cha kutu. Nimewahi kufungua duru la trela ya boti iliyokuwa ikiingia na kutoka majini: viatu vilikuwa vimegandamana na duru upande wa kushoto, upande wa kulia havikugusa kitu, na mwenyewe alikuwa akilalamika tu kwamba trela inavuta upande mmoja. Grisi ya beringi ilikuwa imegeuka uji wa kijivu wenye maji ndani.

Mpe fundi afungue maduru yote mawili, si kuangalia kwa nje. Viatu vipya, springi zake mpya, nyaya mpya kama za zamani zinakwaruza, beringi na sili mpya, grisi ya kustahimili maji. Mkono wa puani usukume na uvute: uingie kwa uzito na kurudi polepole wenyewe. Ukiingia kwa ulaini na kugonga, kile kizuizi cha ndani kinachopunguza kishindo kimekufa, na karavani itakupiga mgongoni kila ukikanyaga breki. Kisha ule waya mwembamba wa usalama uufunge kwenye gari, usiuzungushe shingoni mwa gololi kama unaweza kuchomoka nayo. Karavani ikikatika, ndio unaovuta breki ya mkono na kuisimamisha.

Matairi usiyahukumu kwa vijino. Tairi la karavani huzeeka likiwa limesimama. Tafuta ubavuni neno DOT na tarakimu 4 za mwisho: 2311 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2011. Likiwa limepita miaka 6, na kwa jua la Malindi, mimi hulitoa hata kama linang'aa. Taa nazo, ukiona indiketa inawaka na taa ya breki inapepesa pamoja nayo, usianze kubadilisha balbu. Huo karibu kila mara ni waya wa arthi ulioliwa na kutu, kwenye plagi au kwenye chesisi.

Karavani iwe na namba yake ya usajili kutoka NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani, zile zinazoanza na Z. Namba ya pikapu haiifuniki, na bima uulize mapema kama inagusa kinachovutwa.

Njia yenyewe kutoka Malindi kupita Gongoni, Marereni, Garsen na Witu hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 200, na ni tambarare. Milima haitakusumbua; upepo ndio. Kusi ikivuma, kuelekea Garsen inakujia ubavuni kwa nyuma upande wa kulia, na kwenye uwanda wa Tana hakuna mti wa kuikata. Karavani ni ukuta. Ondoka alfajiri kabla upepo haujapanda, usizidi 70, na basi likikupita kwa kasi tegemea mvuto kabla na baada yake.

Mkia ukianza tena, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa bila kupambana nao, mwendo ufe wenyewe. Usikanyage breki kwa nguvu, na usijaribu kuinyoosha kwa kuongeza mafuta. Ikitulia, egesha, kaangalie mzigo uliosogea.

Safari ya kwanza iwe hadi Gongoni tu, bila familia. Egesha pembeni, weka kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu la karavani, kisha ukiguse taratibu. Uvuguvugu ni sawa, mradi pande zote mbili zifanane. Upande mmoja ukikuchoma, breki inashika au beringi imebana, na hapo usiendelee na safari. Vikiwa sawa, kaza nati za magurudumu, rudi nyumbani upime pua mara ya pili. Niletee namba ya mizani na ile iliyo mbele ya herufi S, nikuambie kama tangi limefika mahali pake.