Askari yuko misheni: acha kuuliza, chukua kazi moja

Juma lililopita msomaji mmoja wa Likoni, Mombasa, aliniandikia: "Jirani yangu mumewe amepelekwa Somalia. Kila nikimuuliza kama ana haja ya kitu hunijibu yuko sawa. Nifanyeje?"

Usimuulize. Hilo ndilo jibu langu, na najua wengi halitawafurahisha. Mke aliyeachiwa nyumba, watoto na mavyaa mgonjwa hana nafasi ya kukaa akufikirie kazi ya kukupa, kisha ashinde haya aje akuombe. Mwambie wewe utakalolifanya: "Mama Fulani, kuanzia Jumamosi hii maji ya kunywa nakuletea mimi, mitungi mitano, kila Jumamosi." Kazi moja, siku yake maalumu, mpaka mwenyewe arudi. Misheni mara nyingi ni kama mwaka mzima, na wasaidizi wengi huishia mwezi wa pili. Juma la kwanza nyumba hujaa watu na sahani za mahamri. Mwezi wa tano hakuna abishaye hodi. Ukijijua huwezi kuufikia mwezi wa tano, chukua kazi ndogo zaidi.

Kwa Mombasa, kazi nzito kuliko zote ni maji. Mfereji hutoka kwa zamu, na siku nyingine hautoki kabisa. Nyumba ya watu wanne ikitumia lita 50 kwa mtu kwa siku ni lita 200, yaani mitungi kumi ya lita 20. Maji ya visima vya mtaani mara nyingi yana chumvi: yanafaa chooni na kusafishia sakafu, lakini sabuni haitoi povu na chai yake hainyweki. Basi yatengwe: pipa la maji ya chumvi, na mitungi yenye vifuniko ya maji matamu kwa kunywa na kupikia. Na shida si bei peke yake. Mwenye mkokoteni huishia mlangoni, na mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kupanda ghorofa ya tatu mara tano na mtungi wa kilo 20. Kama kwako kuna kijana mwenye nguvu, nusu saa yake ina faida kuliko noti ya shilingi elfu.

Kwa wanaume nina neno. Shemeji au jirani mwanamume asijitie ndani hata nia yake ikiwa safi. Shusha mitungi barazani, uje mchana, uje na mkeo au umtume mtoto. Maneno ya mtaa yakimfika mume huko aliko, msaada wote umegeuka sumu, naye hana njia ya kuja kujionea.

Nyumba ambazo aliyeondoka ni mama husahaulika kabisa. Jeshi letu lina wanawake, na wao pia huenda misheni. Baba aliyebaki hupewa hongera kwa uanaume wake, kisha huachwa peke yake saa kumi na moja alfajiri akihangaika kumsuka binti nywele za shule. Hapo kazi ya kuchukua iko wazi: Jumapili jioni binti aje kwako asukwe, nywele zimfikishe Ijumaa.

Sasa kwa ambao bado hawajaondoka, maana hapa ndipo mambo mengi huharibika. Siku hizi benki na eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hutuma nambari za uthibitisho kwa ujumbe wa simu. Mwenye simu akiwa mahali pasipo na mtandao, ujumbe haumfikii, na mke aliye kaunta na mtoto mkononi amekwama. Juma mbili kabla ya safari badilisheni nambari ya mzazi shuleni, nambari aliyonayo mwenye nyumba, na nambari ya kila huduma ambayo mke ndiye atakayeishughulikia. Kumwachia laini pamoja na PIN huonekana njia ya mkato, lakini simu ikiibwa feri, kila kitu kimekwenda mara moja. Bora benki ipewe agizo la kudumu la kumtumia mke kiasi kilichokubaliwa kila mwezi, kwenye akaunti yake mwenyewe. Tarehe iwekwe siku mbili tatu baada ya mshahara kuingia, kwa sababu mshahara ukichelewa siku moja agizo hugonga akaunti tupu na pesa haziendi.

Posho ya misheni msiipangie karo. Wanajeshi wetu wa Kenya waliingia Somalia Oktoba 2011, wakajiunga na AMISOM, misheni ya Umoja wa Afrika, 2012, ikaja ATMIS 2022, na tangu 2025 ni AUSSOM. Jina hubadilika, lakini fedha zimekuwa zikitegemea wafadhili miaka yote. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulipunguza mchango wake kwa asilimia 20. Karo na kodi zitoke kwenye mshahara. Posho ikija, iingie kwenye akiba.

Karatasi nazo. Kama kuna kiwanja au gari la kushughulikia, nendeni kwa wakili mwandikishe hati ya uwakilishi inayotaja kazi yenyewe kwa jina. Ile ya jumla humpa mtu mamlaka makubwa mno, na ugomvi mwingi wa ukoo huanzia hapo. Ikihusu ardhi, lazima isajiliwe katika ofisi ya ardhi, la sivyo haitafanya kazi. Mke akiwa mjamzito, aachiwe nakala ya kitambulisho cha mume na ya cheti cha ndoa, kiwe cha Kadhi au cha msajili: mtoto anatakiwa kusajiliwa ndani ya miezi sita, la sivyo ni usajili wa kuchelewa, wenye safari nyingi zaidi. Bandikeni ukutani nambari ya mita ya stima. Tokeni hununuliwa kwa M-Pesa, Paybill 888880, na akaunti ni nambari hiyo ya mita, kwa hiyo jirani yeyote anaweza kuinunua kutoka kwake bila kumtoa mama nje usiku.

Karatasi ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote: nambari ya askari ya kijeshi, jina la kikosi, simu ya ofisi ya kikosi iliyobaki nyumbani, na simu ya padre au imamu wa kambi. Majina yanafanana, nambari haifanani. Baba mzazi akifariki saa nane usiku, ofisi itamfikia kwa nambari hiyo upesi kuliko simu ishirini zisizopokewa. Na wapatane kabla ya safari ni habari gani apelekewe papo hapo. Msiba na kulazwa hospitali, ndiyo. Homa ya mtoto iliyokwisha jana inaweza kungoja.

Nije kwenye uvumi, na hapa sina upole. Kambi za wanajeshi wetu Somalia ziliposhambuliwa, El Adde tarehe 15 Januari 2016 na Kulbiyow tarehe 27 Januari 2017, watu walizungusha picha na video za maiti kwenye simu, na familia zilikuwa kwenye makundi hayohayo. Ukisikia kumetokea shambulio, usimpigie mke wa askari kumuuliza "umesikia?" Hajui zaidi yako, na sasa umemtia tumbo la kuendesha. Nenda kwake, kaa naye, televisheni izimwe watoto wakiwa macho. Mtu mmoja tu, si watano, aipigie ofisi ya kikosi, na wengine waache simu ya mama iwe wazi. Mitandao ya simu huzimika au huzimwa nyakati kama hizo, kwa hiyo kimya cha siku mbili peke yake si habari. Na picha yake akiwa na sare, au inayotaja kambi na tarehe ya kurudi, usiiweke mtandaoni hata kwa nia ya kumwombea dua. Dua inafika bila picha.

Watoto wadogo wasihesabiwe siku. Tarehe ya kurudi husogezwa, na mtoto wa miaka mitano aliyehesabu mpaka sifuri hutuona sote waongo. Tumieni alama pana: baada ya Idd, baada ya kufunga shule muhula wa pili. Mwalimu wa darasa aambiwe siku ya kwanza. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akianza tena, asichekwe wala asichapwe. Mara nyingi ni woga tu, na hupita. Hali hiyo ikizidi mwezi, apelekwe zahanati aangaliwe.

Kurudi kuna shida zake. Mtaa hutaka kuchinja mbuzi usiku uleule, ngoma na fataki. Subirini. Wapeni juma mbili za kuzoeana upya, kwa sababu mke ameshazoea kuamua peke yake na mume anataka kuamua yote. Usimuulize aliua wangapi. Akiwa halali, anaruka kwa kila mlio, anafoka bila sababu, na hali hiyo ikapita mwezi mmoja, ni jambo la daktari: hospitali ya jeshi, au kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya Port Reitz, hapa Mombasa. Aende na mtu anayemheshimu, si mke peke yake.

Nawe uliyekuwa ukileta maji, usikome siku ile ndege ilipotua. Endelea mwezi mmoja, kisha waambie wote wawili kwamba Jumamosi ijayo ndiyo ya mwisho, na uwape nambari ya mwenye mkokoteni.