Maswali na Majibu: Kuunda ndege ya kivita ya zamani inayoruka kwa rimoti

Barua za safari hii karibu zote zinahusu ndege za Vita vya Pili vya Dunia zinazoundwa kwa mbao na kurushwa kwa rimoti. Pale tunapohitaji vipimo kamili tumechukua mfano wa Hawker Hurricane ya skeli ya 1:8. Anayeunda ndege nyingine abadilishe tarakimu. Hesabu ni ileile.

SWALI: Nimezoea kurusha ndege za mazoezi na sasa nataka kuunda ndege ya kivita. Moyo wangu uko kwa Spitfire. Je, naweza kuanza nayo?

JIBU: Tunakushauri uanze na Hurricane, kisha Spitfire iwe ya pili. Spitfire ina mambo mawili yanayomtesa mgeni. Miguu yake imekaribiana na hukunjwa kuelekea nje, kwa hiyo chini huyumba kirahisi. Bawa lake la duaradufu nalo ni jembamba, huishia kwenye ncha finyu, na hakuna mbavu mbili (vipande vinavyolipa bawa umbo lake) zinazolingana katika upande mmoja.

Hurricane iliruka mara ya kwanza tarehe 6 Novemba 1935, miezi minne kabla ya Spitfire, na zote mbili zilipewa injini ya Rolls-Royce Merlin. Lakini bawa lake ni nene, na miguu imeachana vizuri na hukunjwa kuelekea ndani. Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii: sehemu ya nyuma ya bodi ya Hurricane halisi ilikuwa na fito za mbao zilizovikwa kitambaa. Ukiiunda modeli yako kwa fito na kitambaa, umefuata ndege yenyewe ilivyokuwa, na papo hapo umepata mkia mwepesi.

Vipimo ni hivi. Ndege halisi ilikuwa na upana wa mita 12.19 kutoka ncha hadi ncha na eneo la bawa la mita za mraba 23.92. Urefu hugawanywa kwa 8, ila eneo hugawanywa kwa 64. Unapata modeli ya mita 1.52 yenye bawa la desimita za mraba 37.4. Ukishika gramu 60 kwa kila desimita ya mraba, ndege nzima pamoja na betri iwe na kilo 2.2. Iandike tarakimu hiyo ukutani kabla hujakata ubao wa kwanza.

SWALI: Nimemaliza kuunda, na sasa kitovu cha uzito (pale ndege inaposawazika) kiko nyuma mno. Nimejaza gramu 250 za risasi (ile metali nzito) puani na bado haitoshi. Nimekosea wapi?

JIBU: Kosa lilifanyika siku uliyochagua mbao za mkia. Ndege hizi zina pua fupi na mkia mrefu. Servo (kimota kidogo kinachosogeza usukani) iliyokaa sentimita 75 nyuma ya kitovu cha uzito inasawazishwa na risasi iliyokaa sentimita 30 mbele yake, kwa hiyo kila gramu 10 za mkiani hudai gramu 25 puani. Gundi iliyomwagika, plaiwudi mahali ambapo balsa ingetosha, rangi mara tatu kwenye usukani wa mkia: vyote hivyo unavilipia mara mbili na nusu.

Balsa haina uzito mmoja. Peleka mizani dukani. Ubao wa milimita 100 kwa 1000 wenye unene wa milimita 3 unaweza kuwa na gramu 30 au gramu 55, na kwa macho huoni tofauti. Ulio chini ya gramu 35 uwe wa mkia na bodi ya nyuma. Wa gramu 36 hadi 45 uwe wa mbavu. Mzito zaidi ya hapo uwe wa fremu za mbele, kuzunguka mota, ambako uzito wake unakusaidia. Boriti za bawa, zile zinazolibeba kutoka bodi hadi ncha, zisiwe za balsa kabisa. Tumia fito za msonobari zenye nyuzi zilizonyooka, moja juu na moja chini, na kati yake ziba kwa vipande vya balsa ya milimita 1.5 ambavyo nyuzi zake zimesimama wima. Nyuzi zikilala, kipande hicho hupasuka kwa urefu ndege inapovutwa juu kwa nguvu, na bawa hukunjika.

Kwa ndege iliyokwisha kuundwa, usiongeze risasi bado. Sogeza betri hadi iguse ukuta wa mota, hata kama itabidi ukate dirisha kwenye fremu ya kwanza. Hamisha servo za mkia ziwe chini ya kiti cha rubani na uendeshe eleveta (ubao wa mkia unaopandisha na kushusha pua) kwa vijiti vya kaboni. Badilisha gurudumu la mkia liwe la sponji. Baada ya hayo ndipo upime tena.

Kuhusu mahali penyewe pa kitovu, kuna njia isiyohitaji hesabu ngumu. Chora nusu ya bawa kwenye kadibodi, kutoka mstari wa katikati ya bodi hadi nchani, uikate, kisha uilaze juu ya ukingo wa rula iliyosimama sambamba na boriti mpaka isimame bila kuanguka. Hapo ndipo katikati ya eneo. Sogea mbele robo moja ya upana wa wastani wa bawa. Kwa Hurricane yetu upana huo ni milimita 245, kwa hiyo unasogea milimita 60. Weka alama, safari ya kwanza ifanyike hapo hapo, magurudumu yakiwa yamekunjwa unapopima, na betri ikiwa ndani.

SWALI: Ndege yangu huruka vizuri, lakini nikigeuka ili kutua, bawa moja huanguka ghafla na ndege hujipindua. Imetokea mara mbili. Servo ni nzima.

JIBU: Hapo ncha ya bawa imeacha kubeba kabla ya shina lake, yaani pale bawa linapoungana na bodi. Ndilo jambo linaloua ndege nyingi za aina hii, nalo lina sababu tatu ambazo mara nyingi huja pamoja.

Ya kwanza ni mwendo. Hurricane ya kilo 2.2 huendelea kubebeka hadi mwendo ushuke kufika karibu kilomita 33 kwa saa, ikiwa inaruka bila kulala upande. Ukiilaza nyuzi 60 kwenye kona huku ukiivuta isishuke, bawa linabeba mzigo mara mbili, na mwendo wa chini kabisa unapanda hadi kilomita 47. Ndege ileile ikiwa na kilo 3, tarakimu hizo huwa 39 na 55. Kwa hiyo aliyekuwa salama kwenye mstari ulionyooka huwa hatarini mara tu anapovuta kona. Geuka kwa upana, usiilaze zaidi ya nyuzi 30, na usipunguze nguvu ya mota hadi pua ielekee uwanjani.

Ya pili ni umbo la bawa. Ncha lazima ipindwe ili ukingo wake wa nyuma uwe juu kidogo kuliko ule wa shina, ili shina liachie hewa kwanza wakati ncha na eleroni (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege upande) bado zinafanya kazi. Spitfire halisi ilipindwa hivyo nyuzi 2.5 kutoka shina hadi ncha. Kwenye modeli, mpindo huu hupatikana juu ya meza tu: ncha yenye upana wa milimita 150 huwekewa chini ya ukingo wa nyuma kabari ya milimita 6.5, na kabari hiyo haitoki mpaka ngozi ya juu na ya chini zote zimegandishwa na gundi imekauka usiku mzima. Ukiitoa mapema, bawa hurudi kuwa bapa na hutaona chochote kwa macho. Pima pande zote mbili: tofauti ya milimita 2 kati ya kulia na kushoto inatosha kuifanya ndege iangukie upande uleule kila mara. Hebu angalia, je, yako huangukia upande mmoja?

Ya tatu ni eleroni. Ukiinua bawa lililolala kwa eleroni peke yake, ile inayoshuka huongeza mzigo kwenye ncha iliyokwisha kuchoka. Panga rimoti ili eleroni ipande milimita 12 lakini ishuke 8 tu, na zoea kuinua bawa kwa usukani wa mkia unapokwenda polepole.

Bawa lako limekwisha kufungwa, kwa hiyo mpindo haurekebishiki bila kulibomoa. Unachoweza kufanya ni kupandisha eleroni zote mbili milimita 2 kutoka katikati. Si dawa kamili, ila inasaidia.

SWALI: Nitumie mota na betri gani kwa ndege ya kilo 2.2?

JIBU: Hesabu wati 300 kwa kila kilo. Hapo unapata wati 660. Betri ya lipo ya seli nne ina volti 14.8, kwa hiyo mota itavuta karibu ampea 45. Chukua kidhibiti mwendo cha ampea 60 au 70, mota yenye kv 700 hivi (mizunguko kwa dakika kwa kila volti), na propela ya 12×8 (inchi 12 za upana, inchi 8 za hatua kwa kila mzunguko). Kabla ya kuruka funga wati-mita, ushike ndege imara, usukume kijiti cha kasi mpaka mwisho kwa sekunde tano. Ikivuta zaidi ya ampea 50, punguza propela kwa inchi moja. Mota ielekezwe nyuzi 2 kulia na nyuzi 2 chini.

Betri ya mAh 4000 hukupa dakika 7 za kuruka kwa adabu na akiba ya kutua mara ya pili. Chaji kwa ampea 4, usiiache peke yake ikichajiwa, na ihifadhi ikiwa na volti 3.8 kwa kila seli. Betri iliyovimba haitumiki tena, hata kama bado inashika chaji.

Propela ya mapanga matatu inapendeza na ndiyo iliyokuwa kwenye nyingi za ndege hizi. Itumie, punguza tu inchi moja ya upana ukilinganisha na ya mapanga mawili.

SWALI: Ikianza kukimbia kuruka inapinda kushoto na mara nyingine inapiga pua. Gurudumu ndilo tatizo?

JIBU: Kupinda kushoto ni tabia ya propela inayozunguka kulia, hasa mkia ukiwa bado chini. Dawa ni vidole vyako: sukuma kijiti cha kasi polepole, uchukue sekunde tatu nzima kufika mwisho, huku ukishika usukani kulia kidogo na eleveta juu. Mkia ukijiinua wenyewe, legeza eleveta. Anayesukuma kijiti kwa mara moja hata gurudumu bora halimwokoi.

Kupiga pua ni suala la miguu. Ikiwa imeshushwa, ekseli ikae chini ya ukingo wa mbele wa bawa au mbele yake kidogo. Miguu mingi ya kukunja hujifunga ikiwa imeinama nyuma nyuzi chache, na hizo chache ndizo zinazoiangusha ndege. Weka kipande cha plaiwudi cha milimita 1 chini ya upande mmoja wa kiti cha mguu ili usogee mbele. Kisha tazama kutoka juu: magurudumu yawe sambamba au yaelekee ndani kidogo sana, kamwe yasielekee nje.

SWALI: Nawezaje kuipa ngozi ya bati yenye ribiti bila kuongeza uzito?

JIBU: Kitambaa cha faibaglasi cha gramu 25 kwa mita ya mraba, na epoksi nyembamba. Kilaze kikavu juu ya balsa iliyopigwa msasa wa namba 320, mimina epoksi kidogo katikati, uisambaze kwa kadi ya plastiki ukielekea kingo. Halafu lifanyike lile ambalo wengi huliruka: viringisha karatasi ya chooni juu ya eneo lote na uitupe, urudie mpaka karatasi itoke kavu. Kitambaa kinapaswa kuonekana cha kufifia, nyuzi zake zikionekana. Kikimetameta, umeacha epoksi nyingi mno. Viungo vya balsa chini yake viwe vimegandishwa kwa gundi ya mbao, kwa sababu gundi ya papo kwa papo huwa ngumu kuliko balsa na huacha tuta kila unapopiga msasa.

Kwa ribiti, chukua kimrija cha shaba chembamba, ukinoe mdomo, ukifunge kwenye ncha ya chuma cha kulehemu kilichopunguzwa moto, uguse praima kidogo tu. Duara dogo hubaki. Kumbuka skeli: alama ya milimita 1 kwako ni milimita 8 kwenye ndege halisi, kwa hiyo kimrija chenye zaidi ya hapo kitaifanya ndege ionekane boila. Na kwenye Hurricane ribiti ziishie pale bati linapoishia. Nyuma ya kiti cha rubani ni kitambaa, na hapo kinachotakiwa kuonekana ni fito zilizojichora chini yake.