Mwambao upo Kigoma, dada
Dada, umeuliza mahali pa kupumzika majini mwezi wa saba na mama mkwe, pwani ya kupendeza, bila kuvuka mpaka. Njooni Kigoma. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na milima inashuka hadi majini kabisa.

Hifadhi ya Gombe, ya sokwe, haina barabara. Mnafika kwa boti tu, kilomita kama 16 kaskazini ya mji. Kodini boti yenu pale Kibirizi, ufuko wa boti karibu na mji, na muondoke asubuhi na mapema, maana mwezi wa saba kusi huvuma na mawimbi si mchezo. Hakikisha kila mtu amevaa jaketi la kuokolea kabla boti haijaachia ufuko. Mama mumkalishe nyuma, karibu na injini: kelele zipo, lakini mbele ndiko boti inakopiga maji na mgongo wake utaumia. Na mwenye mafua asipande kwa sokwe, magonjwa yetu huwaua.

Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe, ni nzuri zaidi kwa macho yangu, ila ni mbali sana kusini, itakula siku zenu. Kama mnazo nne tu, iacheni.

Pangeni tarehe za mwezi mwandamo, ila ulizeni kwanza kama uvuvi upo wazi: mwaka 2024 ulifungwa katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Ukiwa wazi, usiku wa giza wavuvi wa dagaa huwasha taa zao, ziwa zima linakuwa kama mji unaotikisika. Mama mwekeeni kiti ufukweni na khanga ya kujifunika, upepo wa usiku una baridi.