Magugu kwenye karoti na vitunguu bila dawa

Dada, umesema bustani yako ya Uyole, Mbeya, inamezwa na magugu na dawa hutaki kupiga. Inawezekana kabisa.

Kazi kubwa ifanye kabla ya kupanda. Andaa matuta, yasawazishe, mwagilia, kisha yaache kama wiki mbili. Magugu yataota tele. Chagua siku ya jua kali, yakwangue juujuu, sentimita 2 tu. Ukichimbua chini unaamsha mbegu nyingine zilizolala. Ndipo usie karoti. Kwa baridi yetu ya Juni karoti huchukua hata wiki tatu kuota, kwa hiyo magugu huitangulia. Sia kwa mistari ili kijembe kipite katikati, usimwage mbegu ovyo.

Majani ya vitunguu ni membamba, hayafuniki ardhi hata yakikomaa. Palilia magugu yakiwa bado machanga, halafu miche ikishashika tandaza nyasi kavu au maganda ya mpunga wa Usangu. Nyasi zilizokwisha kutoa mbegu usizilete shambani, tafadhali.

Samadi mbichi pia iache. Mbegu nyingi hupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa nzima. Irundike, ipate moto, uigeuze mpaka ioze.

Ndago, lile gugu kama nyasi lenye viazi vidogo ardhini, ndiyo shida ya kweli, maana ukiikata inachipua tena kutoka kwenye viazi vyake. Ing'oe na viazi vyote, usiitupe kwenye mboji. Palipozidi, panda maboga msimu mzima, majani yake yafunike ardhi. Ndago haivumilii kivuli.