Kabla hujanunua antivairasi ya kompyuta ya steshenari

Ndugu uliyeuliza kutoka Makambako, umeeleza kwamba kila flashi ya mteja ikichomekwa kwenye kompyuta yako mafolda yanageuka shotikati (alama za njia ya mkato), nawe unataka ushauri wa antivairasi ya kununua. Mimi nina steshenari Mwanjelwa, hapa Mbeya, huu ukiwa mwaka wa sita, na ushauri wangu ni kwamba usinunue kwanza.

Mafaili ya wateja hayajafutika. Kirusi cha aina hiyo huyaficha na kuweka shotikati zenye majina yaleyale, ili mtu anapobofya folda yake awe amekiendesha kirusi kwa mkono wake. Angalia kishale kidogo pembeni mwa alama, na pia safu ya ukubwa: shotikati huonyesha kilobaiti chache, ilhali folda halisi haionyeshi kitu pale. Anza na kompyuta, kwa maana ukisafisha flashi peke yake itachafuka tena. Windows 10 na 11 zinakuja na Defender, antivairasi ya Microsoft yenyewe, bila malipo, nayo ina ukaguzi unaozima mashine na kuiwasha upya, ukipekua kabla Windows haijawaka, wakati kirusi hakijapata nafasi ya kujificha. Baada ya hapo, ikiwa flashi inasomeka kama E, fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha uzifute shotikati.

Sasa nikueleze lililonipata, kwa sababu antivairasi niliyokuwa nayo ilikuwa nzima kabisa. Nilihitaji programu ya kutengenezea kadi za harusi, nikaichukua ile iliyovunjwa leseni kutoka kwenye flashi ya jirani. Maelekezo yake yalisema nizime Defender kwanza, nami nikazima, kama mtu anayemwambia mlinzi akalale kwa kuwa mgeni ameomba hivyo. Asubuhi ya pili kila faili lilikuwa na herufi ngeni mwishoni mwa jina, na karatasi moja kwenye skrini ikidai fedha. Diski ya nje niliyoinunua kwa ajili ya nakala za akiba ilikuwa imechomekwa usiku kucha, kwa hiyo nayo ilifungwa pamoja na mashine. Mitihani ya shule mbili ilipotea, na sikulipa, maana hakuna aliyeniahidi ufunguo wa kuyafungua mafaili isipokuwa mwizi mwenyewe. Tangu hapo diski huchomekwa Ijumaa jioni, hunakili, huchomolewa na kwenda nyumbani.

Kosa jingine, ambalo wengi wetu hulifanya kwa kuogopa kumaliza bando, ni kuzima masasisho. WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili na kudai fedha, ilipozuka Mei 2017 Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu ililopitia, tangu Machi, na mashine nyingi zilizoumia ni zile ambazo hazikuwa zimekiweka. Mimi huyapakua usiku kwa bando la usiku. Kama yako bado ni Windows 10, ujue kuwa huduma yake ya kawaida ya masasisho ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Mwisho, tenga mashine moja ya kupokelea flashi, hata ikiwa kuukuu, na uitumie kwa akaunti ya kawaida isiyo ya msimamizi. Ya kwangu haijawahi kufunguliwa barua pepe wala akaunti ya benki, na ikiharibika naipiga Windows upya mchana huohuo, wateja wakisubiri kwenye benchi.